Miaka Mitatu ya Shule na Picha ya Kichwa Changu

Mimi nimechonga mawe maisha yangu yote na sioni haya kusema hivyo. Nyumba nyingi unazoziona ukitoka Thika ukishuka Ruiru zimejengwa kwa mawe yaliyopita mikononi mwangu, au mikononi mwa mtu niliyemfundisha mimi. Niliingia timboni, kule yanakochimbwa mawe, nikiwa kijana asiye na viatu. Leo nina yadi yangu ya mawe hapa Thika. Ina lango la chuma, lango lina kufuli, na ufunguo wa kufuli hiyo hukaa kwenye mfuko wa shati langu, upande wa kushoto. Mwaka juzi nilikaribia kuutoa ufunguo huo nimkabidhi binti yangu, halafu niketi kwenye kiti cha plastiki kusubiri kuletewa chai. Si kwa ugonjwa. Ni kwa sababu ya neno moja nililosema mbele ya msichana wa utafiti wa ubongo. Wacha nieleze.

Kabla mashine hazijaja timboni, mawe yalichongwa na watu wawili wawili. Mmoja anashika patasi, mwingine anapiga nyundo. Anayeshika haangalii nyundo, anaangalia jiwe. Ukimwona anaangalia nyundo, mtafutie kazi nyingine. Mwenzangu alishika, mimi nikapiga, miaka mingi kuliko ile watu wengine wanakaa kwenye ndoa. Nilimkosea mara moja tu. Ukucha wa kidole gumba ukatoka, akaniambia, "Wakini, leo umeamka vibaya," akafunga kidole na kitambaa, tukaendelea. Wakini ndivyo tunavyoitana sisi Wakikuyu tuliotahiriwa mwaka mmoja. Tangu siku ile ya kisu hakuniita jina lingine mpaka juzi juzi, wala mimi sijamwita lingine.

Ugonjwa wake ulianzia puani, ingawa hatukujua kuwa ni ugonjwa. Nilimtembelea kwake Mwiki siku moja, nikamkuta ameketi hatua mbili kutoka jikoni anasoma gazeti, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, inaungua mpaka moshi unatokea dirishani. Nikamuuliza kama amekufa. Akasema hasikii harufu, hakumbuki ilimwacha lini. Tukacheka, tukakwangua sufuria. Miaka ikapita. Kisha mkono wake wa kulia ukaacha kuyumba akitembea, ukaning'inia tu kama mkono wa koti. Kisha ukaanza kutetemeka. Mke wake akadhani ni baridi. Watu wa kanisa wakamwombea. Na wale wasiokosekana wakasema ni pombe ya ujana.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa ubongo, mama mmoja mfupi anayeongea polepole na asiyekubali kukatizwa. Nilimpenda tangu alipotoa nyundo. Ni nyundo ndogo yenye kichwa cha mpira. Alimgonga mwenzangu gotini, kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mguu, kila mara ananyamaza kidogo. Nikamwambia hata sisi hugonga jiwe hivyo kabla ya kulipasua, kusikia kama lina ufa ndani. Akasema, "Mzee, basi tunafanya kazi moja."

Alituambia hivi. Ubongo na ule uzi mnene mweupe unaoteremka ndani ya uti wa mgongo ni kitu kimoja, na amri zote za mwili hupita hapo. Uzi huo naujua, kila aliyechinja mbuzi anaujua. Ndani kabisa ya ubongo, akasema, kuna kisehemu kidogo kinachotengeneza dawa ya mwili wenyewe, na dawa hiyo ikipungua, amri inayotoka kichwani inafika mkononi imechoka. Kisehemu hicho cha mwenzangu kilianza kunyauka miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Pua kwenda kwanza ni jambo ambalo madaktari wameliona kwa wengi.

"Hiyo miaka ya mwanzo ndiyo tunayoitafuta," daktari akasema. "Tukiweza kumjua mgonjwa wakati githeri inaungua, si wakati mkono unatetemeka."

Walikuwa wameanza utafiti, na kila mgonjwa alihitaji mtu mzima wa kulinganishwa naye. Awe wa umri wake na kazi kama yake, ila asiwe na ugonjwa huo. Mwenzangu akaninyoshea kidole, kile kile kinachotetemeka. "Huyu hapa. Hata mafua hayamtaki."

Nilijivuna, nisikudanganye. Nimewahi kuchaguliwa mwenyekiti wa wazazi, nimewahi kuchaguliwa mzee wa kanisa, lakini kuchaguliwa kuwa mzima, na daktari, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya kupimwa nilienda na kifungua mimba wangu, maana walitaka mtu wa nyumbani anayekujua. Huyu binti ni mhandisi wa barabara, anaishi Kahawa Sukari, na jengo la utafiti liko hapo karibu, upande wa Kahawa Wendani. Tukaketishwa mbele ya msichana mwenye koti jeupe na viatu vya michezo, aliyeniita guka, yaani babu, tangu mlangoni.

"Sasa, guka? Tunaanza na maswali rahisi tu. Shule ulifika wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ukweli ni kwamba nilitoka shule nikiwa darasa la tatu. Baba alikufa, mama akaenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru, nami nikamfuata na mkebe wangu. Kusoma vizuri nilijifundisha baadaye, kwa gazeti, kwa Biblia, kwa risiti za mawe. Lakini waliponiteua mwenyekiti wa wazazi, fomu ilikuwa na nafasi ya elimu, na wenzangu kwenye kamati walikuwa walimu na karani wa benki. Niliandika kidato cha pili. Nilichagua cha pili kwa sababu cha nne wangeomba cheti. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kidato cha pili. Watoto wangu walikua wakijua hivyo. Huyu binti, alipokuwa anashindwa na hesabu, nilimsimulia jinsi nilivyolishinda darasa zima kwa hesabu mpaka mwalimu akanipa kalamu ya wino. Sasa ameketi kando yangu, mhandisi, nitasema nini?

"Kidato cha pili," nikasema.

Msichana akaandika.

Tukaanza. Alinipa mchoro wa sanduku nichore kama huo. Hapo nilimwonea huruma. Mimi nimechonga masanduku ya mawe maelfu, pande zote sita. Nilichora kabla hajamaliza kueleza, nikamwonyesha na mahali pa kuweka patasi. Akanisomea maneno matano niyashike, kofia, kengele, mahindi, mto, buluu, na baadaye nikamrudishia manne. Kutoa hesabu kichwani nilifanya haraka kuliko yeye kuandika.

Kisha akauliza, "Jembe na kalamu vinafanana vipi?"

"Havifanani."

"Fikiria tena, guka. Kuna kitu kinachoviunganisha."

"Hakuna. Jembe linalima, kalamu inaandika. Mtu anayevichanganya, huyo ndiye mgonjwa, mlete hapa."

Binti yangu akakohoa. Kumbe jibu lililotakiwa ni kwamba vyote ni vifaa vya kazi. Sasa mtu wa kazi anahitaji kuambiwa hivyo? Baadaye akanipa dakika moja nitaje maneno mengi niwezavyo yanayoanza na M. Nilisema mawe, mtaimbo, mchanga, mbuzi, nikakwama. Nikaangalia dirishani, nikaona mti, nikasema mti. Msichana alikuwa anaangalia saa yake. Aliyekaa shule miaka mingi ana rafu kichwani, M ziko hapa, N ziko pale. Mimi maneno yangu yamelala mahali vitu vilipo. Ukiniambia nitaje vya timboni nitakuchosha mpaka jioni. Halafu kulikuwa na sentensi ndefu za kukariri, sijawahi kusikia binadamu akiongea hivyo.

Mwisho waliniingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, ile kama pipa refu. Waliniambia nisiogope kelele. Kelele gani? Ilikuwa kama mashine ya kukata mawe, tena mbali. Nililala usingizi, wakaniamsha.

Wiki tatu baadaye tukaitwa. Daktari alituonyesha picha. Nilikuwa nimeona bongo za mbuzi nyingi, lakini ukiona kichwa chako mwenyewe kimekatwa vipande vya mwanga unavua kofia. Akasema picha ni safi kwa mtu wa umri wangu. Kisha akafungua karatasi, na uso ukabadilika.

"Maswali lakini yana shida. Kwa mtu aliyefika kidato cha pili, alama hizi ziko chini. Inawezekana ni mwanzo wa kupoteza kumbukumbu. Hatuna hakika, ila hatuwezi kukuhesabu kati ya wazima mpaka tujue. Na nyumbani wawe makini."

Mtu asikudanganye kwamba neno kama hilo linaingia polepole. Linaingia lote. Binti yangu akanishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu arusi yake, na kwenye gari akasema, "Baba, utahamia kwangu. Yadi tutamtafutia mtu. Gari hutaendesha tena. Mwisho wa mwezi nakuja na lori, tubebe vitu."

"Hata hutanijaribu?"

"Wamekujaribu, baba. Mimi sitaki nipigiwe simu kwamba umepotea Makongeni."

Nikafunga mkanda wa gari. Na hili nalisema wazi, sikuwa ninaficha shule yangu hapo. Haikunijia hata kidogo kwamba shule ina uhusiano wowote. Niliamini kichwa kimeanza kuoza. Juma lile lote nilikuwa najipima. Nikisahau miwani, ndiyo hiyo. Nikikumbuka bei ya mawe ya inchi tisa, nafikiri labda ni ya mwaka jana. Mfanyakazi akiniuliza kitu nasita, na kwa kuwa nasita, anaanza kuniangalia vile watu wanavyoangalia wazee. Ufunguo niliuhisi mzito kwenye mfuko.

Jumamosi moja asubuhi mwenzangu akaja yadini, mke wake akamshusha langoni akaendelea sokoni. Alikuwa amepata habari. Aliketi juu ya jiwe, mkono unacheza gotini wenyewe kama kuku aliyechinjwa, akaniangalia.

"Ati wewe ndiye mgonjwa sasa."

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi tumalize kazi kabla hujasahau nyundo ni nini. Leta patasi."

Nilidhani ni mzaha. Akainuka polepole, akachagua jiwe mwenyewe, akapiga magoti. Nikampa patasi. Na hapo niliona kitu ambacho sijakisahau, na kama kichwa changu kingekuwa kibovu ningekisahau. Mkono uliokuwa unatetemeka gotini ulipoikamata patasi na kuiweka kwenye jiwe, ukatulia. Ukatulia kabisa kama zamani.

"Piga," akasema.

"Wakini, mimi nimeambiwa kichwa changu hakiaminiki."

"Na mimi mkono wangu hauaminiki. Piga."

"Nikikosa?"

"Ulishakosa mara moja, nikaota ukucha mwingine. Kwani unataka nikae magotini mpaka Krismasi?"

Alikuwa anaangalia jiwe. Hakuangalia nyundo hata kidogo. Nikainua, nikapiga. Nikapiga tena, akasogeza patasi inchi mbili, nikapiga. Jiwe lilipasuka katikati, safi, kama mkate. Wafanyakazi wangu, ambao wanajua mashine tu, walikuja kuangalia kama watalii.

Akakaa tena, mkono ukarudi kucheza. Alikuwa anahema lakini anacheka.

"Mtu anayepiga hivyo hana shida kichwani. Hebu niambie, yule msichana alikuuliza shule?"

"Aliuliza."

"Ukasema?"

Nikaanza kupangusa nyundo.

"Haiya! Usiniambie ulisema kidato cha pili!"

"Binti yangu alikuwa hapo."

Alicheka mpaka nikaogopa ataanguka. "Wewe! Tulitoka shule ile mwaka mmoja, mimi na wewe, hata ubao wa kuandikia tulikuwa na mmoja! Mimi niliwaambia darasa la tatu. Na lile swali la jembe na kalamu lilinishinda vizuri. Lakini yule msichana aliniambia, guka usijali, wewe tunakupima na watu wa darasa la tatu wenzako. Wewe wanakupima na nani? Na makarani!"

Niliketi. Nilihisi raha na aibu pamoja, na sikujua ipi itangulie. Dawa yangu ilikuwa hiyo, ya bure. Ila ilikuwa ya kumezwa mbele ya binti yangu, maana ndiye aliyekuwa anakuja na lori.

Ningeweza kumpigia daktari kisiri. Nilifikiria hilo, siwezi kudanganya tena. Lakini karatasi zilisema lazima mtu wa nyumbani awepo, na nikaona kwamba nikipita dirishani kwa hili, huo ufunguo nitakuwa nimeuiba.

Jumatatu tulikuwa mbele ya daktari, mimi, binti, na msichana wa viatu vya michezo. Nikasimama. Siwezi kusema mambo mazito nimeketi.

"Daktari, niliwadanganya. Sikusoma mpaka kidato cha pili. Nilisoma miaka mitatu. Darasa la tatu, nikatoka kwenda kuchuma kahawa."

Binti yangu aliniangalia kama niliyebadilika rangi. Daktari hakucheka. Alivua miwani, akanikemea kweli kweli. "Mzee, unajua ungeharibu nini? Hapa tunalinganisha mtu na mtu. Ukileta urefu wa uongo, kila anayepimwa na wewe anaonekana mfupi au mrefu kwa uongo. Na wewe ungeanza kuishi kama mgonjwa."

"Nimeanza tayari," nikasema.

Akachukua karatasi ile ile, akatoa jedwali lingine, akapitisha kidole. Msichana naye akaangalia. Wakaangaliana.

"Alama ni zile zile," daktari akasema. "Kwa mtu wa miaka mitatu ya shule, huyu ni mzima kabisa. Tutarudia baada ya miezi michache, tuwe na hakika, lakini mimi sina wasiwasi."

Msichana akanisukumia fomu. "Guka, hapa kwa elimu, si ukate uandike upya? Na uweke sahihi."

Nilikata neno lile la zamani kwa mstari mmoja. Nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, DARASA LA TATU. Nikamwambia na lile swali la jembe na kalamu walitazame upya, maana wanaliuliza watu walioshika kimoja tu. Daktari akaandika kitu pembeni. Sijui kama lilibadilishwa, lakini aliandika, nilimwona.

Binti yangu akawasha gari. Tukatoka Wendani, tukaingia barabara kuu kuelekea Thika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na alikuwa na haki. Huyu alilazwa mapema bila televisheni kwa sababu ya hesabu, na kila mara nilimkumbusha baba yake alivyokuwa. Tulipopita Ruiru akauliza, macho barabarani:

"Na ile kalamu ya wino?"

"Ipi?"

"Baba. Ile mwalimu alikupa kwa kuwashinda wote kwa hesabu."

"Ilikuwa ya karani wa timbo. Yeye ndiye aliyeishinda. Alikuwa anatusimulia kila siku ya mshahara."

Akawasha taa ya kando, akasimamisha gari pembeni, akaweka paji la uso kwenye usukani. Nikaona mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, sasa nimemliza mtoto wangu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi, akanipiga begani kwa ngumi, ngumi kweli.

"Mimi nilisomea uhandisi kwa sababu ya kalamu ya karani!"

"Kwani barabara zako zimebomoka?"

"Hazijabomoka."

"Basi."

Akajipangusa. Akasema hasira iko, itakuja, nisidhani imeisha, na ilikuja kweli, alinipigia simu Jumatano akanieleza mambo ya utotoni ambayo nilisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Lakini lori halikuja. Gari naendesha, ila si nikiwa nimechoka, hayo ni makubaliano yetu. Jumamosi anakuja yadini, anakaa kwenye kiti changu, anakagua vitabu vyangu vya mauzo kama mkaguzi wa serikali. Hajapata kosa la hesabu.

Walirudia kunipima. Nilitaja M sita safari hii, nikarudishwa kwenye daftari la wazima. Nilimweleza daktari pia habari ya mkono uliotulia ukishika patasi, nikidhani nimegundua kitu. Akasema madaktari wanalijua jambo hilo siku nyingi. Iliniuma kidogo. Lakini alikuja yadini kujionea mwenyewe, na viatu vyake vizuri, akasimama kwenye vumbi akiangalia mkono wa mwenzangu ukicheza, ukishika, ukitulia, akaomba turudie mara ya pili.

Mwenzangu anakunywa vidonge vyake kwa saa, anatembea vizuri zaidi, githeri bado haisikii. Kila baada ya miezi sita tunaketi pamoja kwenye benchi pale kwenye jengo la utafiti, mgonjwa na mzima wake, tukisubiri kuitwa. Ameacha kuniita wakini. Baada ya miaka yote hiyo ameniletea jina jipya, na analisema kwa sauti ili benchi nzima isikie.

"Kidato, songa kidogo, nipate mahali pa kuweka huu mkono."

Nasonga.